Usiniambie Nichukue Gaidi

Wa kwanza kuniambia nichukue gaidi alikuwa mwenye duka la vocha karibu na stendi ya Geita. Wa pili alikuwa bodaboda aliyejilaza juu ya pikipiki yake nje ya duka hilohilo, akajibu bila kufumbua macho. Wa tatu mwalimu mstaafu, mtu ninayemheshimu. Wa nne kijana mwenye kitambulisho shingoni, wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Swali langu kwa wote lilikuwa hilo moja: nataka kutoka kijijini kwa mjomba, upande wa Nyarugusu, nivuke vilima kwa miguu nitokee ng'ambo kwenye barabara nyingine, nisifuate njia ya magari. Nipite wapi?

Chukua gaidi.

Kama hujawahi kukaa Arusha au Moshi, gaidi huyu hana bunduki. Ni mwongoza watalii, neno la Kiingereza tulilolikaribisha ndani bila kuangalia kama kwetu jina hilo tayari lina mwenyewe. Nimekua nikilisikia kwenye stori za Kilimanjaro na Serengeti. Sikutegemea kulikuta Geita, ambako mtalii akionekana stendi ujue anapita kwenda Rubondo.

Nilitii. Bodaboda akaamka, akapiga simu, akaniletea kijana mchangamfu mwenye buti za mgodini, tukakubaliana shilingi 30,000. Saa moja baada ya kuanza kutembea tulifika mahali njia ya ng'ombe inapogawanyika mara tatu. Akasimama, akakuna kichwa. "Bro, kusema ukweli mimi ni mtu wa Kigoma. Nina miezi minane tu hapa." Nikampa elfu kumi, tukarudi wote wawili, mimi mbele.

Nina ugomvi na jibu lile, na elfu kumi si sehemu yake. Ugomvi wangu ni kwamba mtu akikuambia uchukue kiongozi amekiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba hatari ipo, na kwamba kuna mtu anayejua iko wapi. Kisha amekataa kukuambia. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, hatari yenyewe haina siri yoyote. Ni shimo.

Mjomba ndiye aliyenivusha mwishowe. Ana miaka zaidi ya sabini, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na aliposikia habari ya kijana wa Kigoma alicheka mpaka akakohoa. "Mjomba," aliniita, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, "ungeniuliza mimi bure." Ilikuwa Februari, nyasi zimefika magotini, sehemu nyingine kiunoni. Alishika fimbo ya kuchungia, mfukoni akatia mawe manne. Nilidhani ni ya mbwa.

Alinifundisha akitembea. Usiangalie shimo, aliniambia, kwa sababu shimo lenyewe hulioni. Angalia kifusi. Kila aliyechimba alitoa udongo wa chini akauweka juu, na udongo wa chini haufanani na wa juu hata miaka thelathini ikipita. Hata nyasi zinazoota pale si zile za jirani. Ukiona kichuguu chenye rangi isiyo ya mahali pale, simama. Ukiona viwili, basi chora mstari kwa macho kutoka cha kwanza hadi cha pili na uuendeleze mbele, kwa kuwa dhahabu hukaa kwenye mshipa wa mwamba na wachimbaji huufuata mshipa, kwa hiyo maduara hujipanga kama vifungo vya shati. Duara la tatu liko kwenye mstari huo. Usivuke mstari. Tembea sambamba nao mpaka uishe.

Baya kuliko yote, alisema, ni duara lililofunikwa. Wenyewe waliondoka wakaweka magogo juu, wakamwaga udongo, wakidhani wamefanya wema. Mchwa wakala magogo. Sasa kuna zulia la majani juu ya hewa tupu. Hapo ndipo fimbo ilipofanya kazi: aliisukuma mbele kila hatua mbili tatu, mtindo wa kipofu anayevuka barabara. Na mawe yale manne yalikuwa ya kusikiliza. Alitupa moja kwenye mdomo wa duara lisilo na mfuniko, tukanyamaza. Moja, mbili, ndipo maji yakalia. Kwa fizikia ya sekondari, sekunde mbili ni karibu mita 20. Jengo la ghorofa sita lililopinduliwa, katikati ya malisho, bila hata mti wa mwiba uliolazwa mdomoni.

Njiani tulikutana na watoto watatu wanachunga ng'ombe. Mkubwa wao hakufika miaka kumi na miwili. Waliniamkia, wakamsalimia mjomba kwa Kisukuma, wakapita. Hawakuwa na gaidi.

Habari hizi nilimsimulia rafiki yangu niliyesoma naye Kahama, ambaye sasa anasoma uhandisi Grenoble, Ufaransa, chini ya milima ya Alps. Nilitegemea anionee huruma. Badala yake akaniambia kwamba na yeye aliwahi kuuliza swali kama langu, akapewa jibu kama langu. Baridi ya kwanza alijifunza kuteleza kwa skii kwenye njia zilizotengenezwa, zile zinazosawazishwa na mashine usiku na kuwekewa alama za rangi kulingana na ugumu wake: kijani, bluu, nyekundu, nyeusi. Baridi ya pili akachoka. Akiwa amekaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya kumpandisha mlimani, aliona pembeni theluji ambayo haijakanyagwa na mtu, hatua mia moja tu kutoka njia rasmi, na alama za watu wachache walioshuka humo wakarudi salama njiani chini. Akauliza wenyeji: naweza kwenda kule bila kiongozi? Wakamwambia, chukua kiongozi.

Tofauti ilikuja baada ya jibu. Waliosema hivyo waliendelea kusema. Wakamwambia, kama huchukui, basi soma taarifa ya maporomoko ya theluji. Kila jioni ya majira ya baridi idara ya hali ya hewa ya Ufaransa huitoa, safu ya milima kwa safu ya milima, na kuipa hatari ya kesho namba kutoka 1 hadi 5. Kipimo hicho kimekuwa kimoja Ulaya tangu mwaka 1993, kwa hiyo tatu ya Ufaransa ni tatu ya Austria. Taarifa haiishii kwenye namba. Inasema hatari iko kwenye miteremko inayotazama upande gani, kuanzia kimo gani, na theluji imekaa vibaya kwa sababu gani. Kisha wakamwonyesha ramani ya serikali, ya bure mtandaoni, yenye tabaka la rangi linaloonyesha kila mteremko uliozidi digrii 30, kwa sababu maporomoko mengi ya hatari huanzia kwenye miteremko ya ukali huo au zaidi. Ukichagua mteremko mlaini, na juu yake hakuna mkali unaoning'inia, umepunguza hatari kwa kiasi kikubwa kabla hujavaa viatu. Wakamwambia anunue kipeleka mawimbi cha kuvaa kifuani, koleo, na fimbo ndefu ya kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa, na asiende peke yake. Italia tangu 2022 imeifanya seti hiyo ya vitu vitatu kuwa lazima kisheria kwa anayetoka nje ya njia mahali penye hatari ya maporomoko.

Fimbo ya kuchomea. Nilimkatiza hapo nikamwambia mjomba anayo.

Akaniambia pia kuhusu mahali ambapo yeye mwenyewe hathubutu. Juu ya mji wa Chamonix, gari la kebo hupeleka watu hadi mita 3,842, Aiguille du Midi, na kutoka pale kuna mteremko wa takriban kilomita 20 uitwao Vallée Blanche. Njia hiyo haitunzwi kama njia za kawaida za skii. Sheria haikulazimishi kuchukua kiongozi. Lakini unapita juu ya mto wa barafu, na barafu hupasuka, na theluji hutengeneza madaraja membamba juu ya mipasuko hiyo mpaka usiione. Zulia jeupe juu ya hewa tupu. Yeye pale alilipa kiongozi, na akafurahi kulipa. Ila alilipa akijua anachonunua: alishasoma hatari, akaipima, akaona imemzidi.

Naomba nisieleweke kwamba Alps ni pepo. Maporomoko ya theluji huua watu karibu mia moja kwa mwaka katika milima ile, na katika ajali nyingi anayeyaanzisha ni mwathirika mwenyewe au mwenzake. Wengi hufa siku za namba 3, kwa kuwa siku za 4 na 5 watu hubaki nyumbani na siku za 3 hujiona wajanja. Taarifa haimzuii mjinga. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo: kule, atokaye njiani hukabidhiwa kwanza kila kinachojulikana, kisha ndipo ushauri wa kuchukua kiongozi unakuja kama ushauri. Kwetu ushauri umekuja peke yake, umekaa mahali pa ramani.

Na ramani tunayo. Hili ndilo linaloniudhi. Ingia mtandaoni utafute ramani ya leseni za madini Tanzania. Utaona Geita imefunikwa vipande vya rangi kama kitenge: leseni za utafutaji, leseni kubwa, na utitiri wa leseni ndogo za uchimbaji, zile za miaka saba ambazo kipande kimoja cha dhahabu hakizidi hekta kumi. Mipaka imepigwa kwa nyuzi na nukta. Serikali inajua kwa usahihi wa mita ni nani mwenye haki ya kuchimba wapi. Duara lilipo haijaweka. Tumechora haki yote, hatukuchora shimo hata moja.

Mtu atasema mashimo ni mengi mno. Ni mengi kweli. Dhahabu ya Geita iliandikwa na Wajerumani mwaka 1898. Wakati wa Mwingereza kulikuwa na mgodi mkubwa uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Kisha wakaja wachimbaji wadogo, rashi baada ya rashi: habari inavuma kwamba mtu kapata, wiki ya pili kuna mji wa maturubai, karasha, mama lishe na muuza chaja, mwezi wa nane umebaki uwanja wa vifusi. Mgodi wa GGM ukafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata. Kila kizazi kimeacha mashimo yake juu ya mashimo ya baba zao. Kanuni za mazingira kwa wachimbaji wadogo zipo tangu 2010, na zinamtaka mwenye leseni arekebishe eneo lake. Vizuri sana. Lakini duara lililochimbwa na watu wa rashi kabla leseni haijatolewa ni la nani? La leseni iliyokufa miaka sita iliyopita? Lile la Mwingereza? Shimo halina mwenyewe, lakini anayetumbukia huwa ana wazazi.

Tunaposikia habari za maduara, huwa ni ya wachimbaji, kwa sababu wachimbaji wanakuwa wengi kwa pamoja na kamera zinakuja. Oktoba 2015, Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa; watano walitolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mende na mizizi, mwenzao wa sita akiwa amefariki humo chini. Dunia nzima ilisikia. Januari 2017, hapahapa Nyarugusu, watu 15 walikaa siku tatu ardhini wakatolewa wote, na taifa likashangilia. Nashangilia nami. Ila aliyekwenda kutafuta kuni jioni akakanyaga magogo yaliyoliwa na mchwa haji na kamera. Kijijini kwa mjomba, mtamba wa jirani ulitumbukia, na mtoto aliyekuwa akiuchunga akateremka kwa kamba ya katani kuutazama. Kamba ikakatika. Alivunjika mguu na mbavu, alilala shimoni hadi asubuhi, na leo anatembea kwa kuchechemea. Umbali kutoka mlango wa nyumba yao hadi duara lile nimeuhesabu kwa hatua: 412.

Kwa hiyo tunaposema "nje ya njia" tuelewane tunamzungumzia nani. Alps, anayetoka nje ya njia ni mtu wa likizo. Amelipia tiketi ya lifti, ana bima, ana kofia ngumu. Huku, nje ya njia ndiko watu wanakoishi. Mwanafunzi anakatiza, mama wa kuni anakatiza, mchungaji ndiyo kazi yake kukatiza. Mimi niliyetaka kuvuka vilima kwa raha zangu ndiye pekee katika hadithi hii niliyekuwa na hiari, na ndiye pekee niliyeshauriwa kuchukua gaidi.

Najua ushauri huu tumeupata wapi. Umeteremka kutoka Kilimanjaro, ambako kanuni za hifadhi zinamtaka kila mpandaji awe na kiongozi mwenye leseni. Pale sina ugomvi mkubwa. Kimo cha mita 5,895 kinaweza kumvimbisha ubongo mtu mwenye afya ya ng'ombe dume, na kiongozi mzuri humrudisha chini kabla hajajua anaumwa. Kazi ile inalisha familia nyingi. Wenzetu wa Geita wanaufahamu vizuri mlima ule. Tangu 2002 mgodi mkubwa huandaa safari ya kuupanda ili kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, jambo jema. Tatizo ni kwamba kanuni ya mlima mmoja imegeuka kuwa fikra ya nchi nzima: kwamba kutembea ni bidhaa, kwamba ardhi isiyo na geti haina taarifa, na asiye na mtu wa kumlipa akae barabarani.

Nitawapa kisa kinachonifurahisha. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Mwaustria Ludwig Purtscheller, na Mchaga anayetajwa kuwa kiongozi wao ni Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu. Jina la Lauwo tunalifundisha. Tusichofundisha ni kwamba huyo Purtscheller kwao alikuwa mashuhuri kwa jambo moja hasa: alipanda Alps bila viongozi, wakati ambapo muungwana kupanda bila kiongozi wa kukodi ilikuwa karibu na aibu. Wenzake wa safari hizo walikuwa ndugu wawili, Emil na Otto Zsigmondy. Na mwaka 1885 Emil alichapisha kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Hatari za Alps: mawe yanayoanguka, mipasuko ya barafu, theluji, hali ya hewa, moja baada ya nyingine. Agosti mwaka huohuo akafa mlimani, kwenye Meije.

Mtu anaweza kukisoma kisa hicho kama onyo, na ni onyo. Mimi nakisoma kwa jicho jingine. Waliokataa kulipa kiongozi waliona wana deni la kuandika alichokijua kiongozi. Na Purtscheller huyohuyo alipofika kwenye msitu wa Kilimanjaro, ambao hakuna mtu alikuwa amemwandikia, alitembea nyuma ya wenyeji bila kuona haya.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu, na nilikutana nayo ana kwa ana. Baada ya safari yangu na mjomba nilirudi Jumamosi mbili nyingine, simu mkononi. Yeye alionyesha kwa fimbo, mimi nikabonyeza. Maduara 37, kila moja na nukta yake, kina kwa sekunde za jiwe, lina mfuniko au halina. Nikachapa orodha kurasa mbili, nikaipeleka kwenye ofisi moja. Aliyenipokea aliisoma yote, nampa haki yake. Kisha akauliza nimepewa kibali na nani. Kisha akasema jambo la maana: "Mdogo wangu, hii uliyoandika ni orodha ya sehemu zenye dhahabu. Ukiibandika ukutani, kesho utakuta vijana mia wameingia kwenye hayo mashimo ya zamani na matimba yameoza. Utawaua wewe."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Mtu anaweza kurudia duara la zamani, na hurudia, na hufa humo. Ila jiulize ni nani hasa asiyejua maduara haya yalipo. Vijana wa dhahabu wanajua. Ndiyo riziki yao, na usiku wanayafikia bila tochi. Wenye leseni wanajua. Wazee wanajua. Siri hii imefichwa kwa mafanikio kwa mtoto wa darasa la tatu, kwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Tanga, kwa mkunga anayeitwa usiku, na kwa mtu wa Kigoma mwenye miezi minane. Na anayeogopa orodha asibandike orodha, azungushie mdomo wa duara. Mawe yaliyopakwa chokaa hayamwambii mtu kuna wakia ngapi chini.

Wengine watasema jamii ina utaratibu wake, usiulete wa Wazungu. Nakubali nusu. Usukuma unaweza kutunza mpaka bila waya wala bango. Shinyanga iliyokuwa ikiitwa jangwa ilirudishiwa miti kwa mradi wa HASHI, ulioanza 1986, na kilichofanya kazi zaidi kilikuwa ngitili, desturi ya zamani ya kufunga malisho yapumzike. Ngitili haina ukuta. Kila mtu anajua inaanzia mti gani, na anayeingiza ng'ombe msimu usio wake hujibu mbele ya dagashida. Utaratibu huo ni hodari kwa sababu watu wamekaa. Babu alimwonyesha baba, baba akamwonyesha mwana. Dhahabu haikai. Rashi huleta watu elfu kutoka mikoa kumi ndani ya mwezi mmoja, na wanaoondoka huondoka na ramani kichwani. Ujuzi wa mdomo unahitaji wasikilizaji wasiohama. Na mjomba, ambaye ndiye ramani yetu, jicho la kulia nalo limeanza kuingia ukungu.

Kwetu sisi wenye simu nzuri, niseme na hili. Nimeona picha zetu. Mawe makubwa ya Usukuma, yale yaliyobebana kama mayai, nasi juu yake tumekunja mikono, jua linazama. Tunaandika "hidden gem", tunaweka wimbo. Hakuna anayeandika kwamba hatua thelathini kushoto mwa jiwe kuna duara. Tumekwenda tukiwa na kifaa kinachojua tuliposimama kwa usahihi wa mita chache, tukakitumia kujipiga uso.

Kwa hiyo sitaishia kudai tu kwamba Tume ya Madini iweke tabaka la mashimo kwenye ramani yake, na kwamba halmashauri zinazokusanya ushuru wa dhahabu zitenge fungu la chokaa na minyaa, ingawa nadai yote mawili. Hii hapa njia niliyopita, kwa yeyote anayetaka kuvuka vilima hivyo bila gaidi.

Nenda Agosti au Septemba, nyasi zikiwa zimeliwa au zimeungua. Februari niliyokwenda mimi ilikuwa upumbavu. Anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, utaje jina lako, kwenu na unakokwenda. Sungusungu walizaliwa pande hizi za Kahama miaka ya 1980 na hawajasahau kazi; mtu asiyejulikana anayezungukazunguka vilimani na begi ni mwizi wa ng'ombe au mtafuta dhahabu mpaka athibitishe vingine. Asubuhi sema mwangaluka, mchana mwadila, usubiri ujibiwe kabla ya kuuliza chochote. Nendeni wawili au watatu, mmoja nyuma ya mwingine, nafasi ya hatua kumi kati yenu. Fuata njia ya ng'ombe iliyokanyagwa hadi kuwa vumbi, maana ng'ombe sitini wamekupimia. Ikiisha, rudi, usikatize kwenye majani kutafuta nyingine. Ukiona kifusi, pitia mbali nacho, upande wa mlimani. Ukiona viwili, ule mstari. Beba kamba ya kweli na filimbi, si kwa ajili ya kushuka shimoni, kwa ajili ya anayekuja kukutoa. Saa tisa mchana kama hujaona paa za bati ng'ambo, geuka.

Ukiona mawe meupe yamepangwa duara, hayo ni yetu. Tumefika la kumi na nne. Mfuko wa chokaa tunabeba kwa baiskeli, na yule kijana anayechechemea ndiye anayepaka, hataki mtu mwingine ashike brashi. Namba ya simu ya mjomba sitoi. Nilimuuliza, akasema yeye hawezi kuwa gaidi wa mtu.